Waliokulia Nje ya Daftari

Kila inapozungumzwa habari ya elimu nchini Omani, hutajwa shule tatu. Mwaka 1970, husemwa, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu, moja Salala, moja Maskati na moja Matrah, zenye wanafunzi 909, wote wavulana. Tarakimu hizo ni za kweli. Zimerudiwa katika hotuba, katika vitabu vya kumbukumbu na katika tasnifu zisizohesabika, na hapana sababu ya kuzikana. Lakini ukweli wa tarakimu ni jambo moja, na kazi inayotumwa tarakimu hiyo kuifanya ni jambo jingine. Shule tatu zimetumwa kuthibitisha kwamba kabla ya daftari la mahudhurio hapakuwa na elimu, na kwamba yeyote ambaye jina lake halikuingia katika daftari hilo, zamani au leo, ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Dai hilo ni la uongo, na hapana mahali linapoumbuka upesi kama Al Qabil.

Mji huu mdogo ulio kando ya barabara ya Maskati na Sur, baada ya Ibra na kabla ya Badiyah, ulikuwa makao ya masheikh wa Kiharthi, na kwa hiyo kituo kimojawapo cha siasa na elimu cha Omani ya bara. Hapa aliishi Sheikh Salih bin Ali al-Harthi, aliyefariki 1896. Hapa alitokea mwanawe, Isa bin Salih, ambaye jina lake limefungamana na mapatano ya Sib ya 1920. Na hapa alihamia Nur al-Din Abdullah bin Humayd al-Salimi, mwanachuoni wa Kiibadhi aliyezaliwa upande wa Rustaq, akasomesha, akatunga vitabu vya fiqhi na historia, kikiwamo Tuhfat al-A'yan, akawa nguzo ya kurejeshwa kwa uimamu mwaka 1913. Al-Salimi alipofuka angali mtoto. Alisomewa, akahifadhi, alitamka, wakaandika wanafunzi wake. Kwa kipimo cha fomu za leo, zenye kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana mbele ya swali la kusoma na kuandika, mwanahistoria mkubwa wa Omani ya zama zake angetiwa alama katika kisanduku cha pili.

Haya hayasemwi kwa kutukuza zamani. Al-Salimi alikuwa na wanafunzi wenye macho, wino na karatasi. Alikuwa na sheikh wa kumlinda na msikiti wa kusomeshea. Wachungaji wa mbuzi wa zama zake hawakuwa na lolote kati ya hayo. Somo lake ni dogo zaidi, na kwa udogo wake ni gumu kulikwepa: katika mji huu elimu imewahi kuingia kwa sikio na kutoka kwa ulimi ikiwa kamili. Mwalimu anayelijua hilo humwanza mwanafunzi aliyechelewa kwa namna moja. Asiyelijua humwanza kwa namna nyingine.

Wanaohusika leo si wengi, na hilo ndilo linalowaponza. Ni vijana waliolelewa ndani ya mchanga wa Wahiba na pembezoni mwake, katika familia zinazofuata malisho ya mbuzi na ngamia, mahali ambapo nguzo ya umeme haikufika na basi la shule lilifika siku lilipoweza. Baadhi yao waliketi darasani mwaka mmoja au miwili wakatoweka. Baadhi hawakuketi kabisa. Sasa wana miaka kumi na mitano, kumi na saba, ishirini. Yapasa kuongeza mara moja kwamba familia nyingi za mchanga siku hizi zina nyumba ya saruji mjini na pikapu mlangoni, na kwamba picha ya Bedui ambaye hajawahi kuona bomba la maji ni mali ya wapiga picha. Lakini kadiri uandikishaji unavyokaribia ukamilifu, ndivyo wachache waliosalia nje wanavyoacha kuwa idadi na kugeuka aibu. Idadi hutengewa bajeti. Aibu hufichwa, na mwenye kuificha kwanza ni mwenyewe kijana.

Kiswahili kimechangia katika aibu hiyo zaidi ya inavyokubaliwa. Kiarabu humwita asiyesoma ummi, neno ambalo wafasiri wengi hulinasibisha na umm, mama: mtu aliyebaki kama mama yake alivyomzaa. Qur'ani inamwita Mtume kwa sifa hiyo hiyo, na hapana Mwislamu anayeisikia kama tusi. Kampeni za Omani za kuwasomesha watu wazima zilijulikana kwa neno hilo, kufuta ummiyya. Kiswahili kilipoingia katika kazi hiyo hiyo, kilichagua neno ujinga. Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa, ujinga, maradhi na umaskini, na nia yake ilikuwa njema. Lakini tangu hapo Kiswahili cha maendeleo kimemweka asiyejua herufi chumba kimoja na mpumbavu. Vituo vya kisomo vikaitwa vya ngumbaru, na neno likabeba kicheko hadi leo. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zilikuwa zikilieleza neno mjinga pia kwa maana ya mgeni aliyewasili karibuni, asiyejua bado desturi za mahali. Hiyo ndiyo maana iliyostahili kuhifadhiwa. Mgeni huzoea. Mpumbavu hupuuzwa.

Na wasomaji wa Kiswahili wenye asili ya Sharqiyah wana sababu ya ziada ya kulifikiri jambo hili. Mmanga aliyeshuka jahazini Unguja, akitoka Ibra au Al Mudayrib au Al Qabil, hakupokewa kama mstaarabu. Aliitwa Mmanga kwa kebehi. Alichekwa kwa mavazi yake, kwa jambia lake, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Alikuwa mtu wa nje ya daftari la mji. Wajukuu zake wakawa waandishi, mahakimu na walimu. Kisha gurudumu likageuka. Baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970, wajukuu hao walirudi Omani wakiwa na Kiswahili na Kiingereza, na wengi wao hawakuweza kuandika barua ya Kiarabu. Walichekwa tena, safari hii na binamu zao. Lakini serikali mpya iliwahitaji, kwa hiyo ikapatikana njia: waliingia maofisini na Kiingereza chao, wakajifunza Kiarabu cha kuandika wakiwa watu wazima, huku mshahara ukiingia. Hapana aliyewaambia warudi darasa la kwanza wakae na watoto wa miaka sita. Wao pia walikuwa wamechelewa, na kuchelewa kwao kuliitwa ujuzi wa lugha za kigeni.

Huo ndio upendeleo ambao kijana wa mchanga hajapewa. Analolijua halijapata jina la heshima. Anasoma nyayo na kutambua ngamia aliyepita ni wa nani na alibeba nini. Anasoma wasm, alama ya moto juu ya ngozi ya mnyama, ambayo ni maandishi kwa kila maana ya neno: alama ya kudumu, inayokubaliwa na jamii, inayoweza kufasiriwa na mtu asiyekuwapo ilipotiwa, na inayokubalika kama ushahidi wa umiliki. Anahifadhi taghrud, ushairi wa juu ya mgongo wa ngamia, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa maombi ya Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu. Yaani mashairi yake yametambuliwa na ulimwengu, na yeye mwenyewe hatambuliwi na ofisi ya elimu ya mkoa isipokuwa kama pengo.

Hata hivyo pengo lipo, na wanaolikana wanamdhuru. Kusoma nyayo hakumsaidii mtu mbele ya mkataba wa kazi. Simu ya mkononi imelificha tatizo badala ya kuliondoa: kijana hutuma ujumbe wa sauti, hupokea ujumbe wa sauti, hununua na kuuza wanyama kwa sauti na picha, na anaweza kuishi miaka kadhaa bila mtu yeyote wa nje kugundua kwamba hasomi. Anagunduliwa siku ya karatasi ya dawa hospitalini, siku ya mtihani wa leseni ya udereva, siku ya fomu ya serikali inayojazwa mtandaoni. Dada yake hugunduliwa mapema zaidi, anapompeleka mtoto kliniki na kuulizwa tarehe za chanjo zilizoandikwa kwenye kadi aliyoishika mkononi.

Linalosemwa mara kwa mara ni kwamba familia hizi zilipewa shule na hazikuitaka. Kauli hii ina uvivu ndani yake, na dawa ya uvivu huo ni kuitazama kalenda. Mwaka wa shule nchini Omani huanza baada ya joto kuu la kiangazi na kumalizika kabla halijarudi. Kwa mji huo ni mpango wa busara. Kwa mfugaji ni kinyumenyume. Miezi ya baridi, shule inapokuwa wazi, ndiyo miezi ambayo mvua ikinyesha malisho huota ndani ya mchanga, na familia huenda yalikoota. Miezi ya qaidhi, kuanzia Juni, hapana malisho. Maji ni ya taabu. Na tangu enzi na enzi watu wa mchanga wametoka kwenda kukaa karibu na mitende ya Badiyah, Al Qabil na vijiji vya jirani kwa ajili ya mavuno ya tende. Ndiyo miezi ya kuchemsha mabsali, tende zinazotiwa katika masufuria makubwa, zikaanikwa juani na kusafirishwa hadi India. Katika miezi hiyo kijana yuko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni. Na shule imefungwa.

Kwa maneno mengine, nchi imemjengea jengo, ikaliweka wazi wakati hayupo, ikalifunga wakati yupo, kisha ikaandika kwamba hakuja. Hapana aliyekusudia hivyo. Kalenda ilinakiliwa kutoka nchi ambazo walimu wa mwanzo walitoka, Misri na Yordani na Sudani, nao walihitaji likizo ya kiangazi warudi kwao; wala huwezi kuwalaumu, kwani kufundisha katika Sharqiyah ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndani ya mahema na vyumba vya makuti, kulikuwa kazi ya kishujaa. Lakini miaka hamsini imepita. Falaji za Al Qabil hugawa maji kwa zamu zilizopangwa kwa nyota usiku na kwa kivuli mchana, kila mwenye haki akijua saa yake hata kama ni saa ya alfajiri. Jamii iliyoweza kugawa maji hivyo kwa karne nyingi haishindwi kugawa saa za mwalimu.

Wapo pia wanaomtaka kijana abaki alivyo. Hawa ni hatari zaidi kwa sababu wanampenda, au wanapenda picha yake. Ukingoni mwa mchanga, hasa upande wa Badiyah, zimejengwa kambi za watalii ambako usiku usio na umeme unauzwa kwa bei ya hoteli ya mjini. Mgeni kutoka Ulaya hulipa ili alale mahali pasipo na taa, aone nyota, anywe kahawa iliyochemshwa juu ya kuni. Anayemwongoza ngamia ni kijana aliyekulia katika giza hilo hilo bila malipo, na ambaye kwa sababu ya giza hilo huambiwa amebaki nyuma. Mgeni huandika katika shajara yake kwamba watu hawa wana hekima isiyohitaji vitabu. Ni rahisi kuyaandika hayo kwa mwenye kuandika.

Upande wa sheria, hatua imepigwa. Nidhamu ya Msingi ya Dola ya mwaka 2021 imefanya elimu kuwa ya lazima hadi mwisho wa elimu ya msingi, yaani darasa la kumi. Ni hatua njema, na ingekuwa njema zaidi kama ingekuwa na macho mawili. Jicho lake moja linatazama mbele, kwa mtoto wa miaka sita wa leo. Jicho la nyuma, la kumtazama aliyekuwa na miaka sita kabla ya sheria, halipo. Huyo anaelekezwa kwenye madarasa ya watu wazima, yaliyojaa mama na bibi za watu, ambao wamekuja kujifunza kusoma Qur'ani na kuandika majina yao na wana kila haki ya mwendo wao wa taratibu. Au anaelekezwa kwenye masomo huria, ambako mtu hujisomea mwenyewe na kuja kufanya mtihani. Lakini kujisomea mwenyewe kunamtaka mtu awe amekwisha kujua kusoma. Kati ya bibi na mtahiniwa hapana mlango wenye kimo chake.

Afrika Mashariki imewahi kujaribu kuujenga mlango huo, na majaribio hayo yanastahili kusomwa Omani kwa makini zaidi kuliko ripoti za washauri. Mwaka 1998 Uganda ilianzisha Karamoja mpango uliojulikana kwa kifupi kama ABEK. Watoto wa wafugaji walifundishwa chini ya miti karibu na maboma, alfajiri kabla ya kutoka na mifugo na jioni baada ya kurudi, kwa lugha yao ya Ng'akarimojong, na watu wa kwao. Wasichana waliolea wadogo zao walikuja nao mgongoni. Mpango ule ulifaulu pale ambapo wengi walitabiri utashindwa: watoto walikuja. Ulikwama mahali ambapo hapana aliyepatazama: kutoka chini ya mti kuingia shule ya kawaida. Wengi hawakuvuka. Njia ya pembeni ilibaki ya pembeni.

Tanzania, karibu na wakati huo huo, iliunda Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA, na jina lake peke yake lafaa kusifiwa. Walioikosa: kosa halimo ndani ya mtoto, elimu ndiyo iliyomkosa naye akaikosa. Mtaala ulifupishwa kuwa wa miaka mitatu, vijana wakagawanywa kwa umri, na wenye umri mdogo wakaruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la nne na kujiunga na la tano. Daraja lilijengwa tangu mwanzo, si baadaye. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na umati wa waliopita umri ukamiminika milangoni, mpango huo ndio uliowapokea wengi wao. Kudhoofika kwake baadaye ni habari ya fedha na ya walimu waliofundisha kwa posho iliyochelewa. Si habari ya wanafunzi kushindwa kujifunza.

Kenya nayo iliupa ulimwengu Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alipigwa picha, akahutubia Umoja wa Mataifa, ikatengenezwa filamu juu yake. Alistahili yote hayo. Lakini mzee kwenye dawati la mtoto hufurahisha kwa sababu hatishii chochote. Hatamaliza, hataomba kazi, hatashindana na mtoto wa mtu. Kijana wa miaka kumi na saba kwenye dawati hilo hilo hafurahishi mtu. Miguu yake haitoshi chini ya meza, ndevu zinamwota, na wenzake wa miaka saba wanamaliza herufi kabla yake kwa sababu walizianza kwenye chekechea. Atakuja siku tatu. Atakayeandika sababu ya kuacha kwake ataandika kwamba hakuwa na ari.

Ari haijakosekana. Anayekosekana ni mwalimu anayeanza na hesabu ambayo kijana anayo tayari, ya mbuzi waliozaa na waliokufa na deni la mfanyabiashara wa majani makavu, na kumwonyesha jinsi inavyoandikwa. Anayeanza na taghrud aliyoihifadhi, akaiweka ubaoni, ili neno la kwanza kulisoma liwe neno alilokwisha kulijua kwa moyo. Wanafunzi wa Qur'ani wamesoma hivyo siku zote, kuanzia Lamu hadi Nizwa: sura huhifadhiwa kwanza, jicho hufuata. Ni njia ya zamani kuliko wizara zote, na ndiyo njia ambayo vyuo vya ualimu haviitaji.

Mwalimu huyo si lazima atoke mbali. Katika Al Qabil, Al Mudayrib na Ibra wamo wastaafu wengi waliorudi kutoka Unguja, Mombasa, Bujumbura na Dar es Salaam wakiwa vijana, wakajifunza Kiarabu cha karatasi baada ya kuwa na ndevu, na wanaokumbuka vyema ni herufi ipi iliwasumbua na nani aliwacheka. Wamo pia wasichana wa mchanga wenyewe waliomaliza darasa la kumi na mbili na ambao hawajapata kazi, na ambao wanazungumza lahaja ile ile ya kijana anayeona haya kumuuliza mgeni. Majengo yapo, yana viyoyozi, na mwezi wa Julai ni matupu. Kuanzia magharibi hadi saa nne usiku joto linavumilika na kazi ya mitende imekwisha. Majuma kumi ya namna hiyo kila mwaka, kwa miaka mitatu, yakifungwa kwa mtihani ule ule wanaofanya wengine na kwa cheti kisichotaja kilipatikana kwa njia gani, hayahitaji msaada wa shirika la kimataifa. Yanahitaji saini ya mtu mmoja ofisini Ibra, na posho inayolipwa kwa wakati.